Sikio la Muuza Sarafu

Sehemu ya Saba: Mapazia ya Bluu

Tulimwacha Sikio amesimama katikati ya chumba chake cha kazi, kidole kimoja juu, sarafu imekaa kwenye ncha ya kidole hicho, na jasho linamtiririka hadi kwenye kola. Alikuwa ameigonga kwa kalamu. Sarafu haikulia.

Akaigonga tena.

Kimya.

Wewe uliyeikosa wiki iliyopita kwa sababu gazeti lako lilifungiwa sabuni, nitakueleza upesi. Sikio hununua na kuuza sarafu za zamani za fedha, na jina hilo hakulipata bure. Wenzake hupima kwa mizani. Yeye huiweka sarafu kwenye ncha ya kidole, anaigonga, anaisogeza kwenye sikio lake la kulia, kisha anatoa hukumu. Fedha halisi hulia ngiiin, sauti ndefu inayokataa kuisha. Bandia husema dup, na habari imeisha. Hajawahi kukosea, na watu wote wanalijua hilo kwa kuwa yeye mwenyewe huwaambia.

Na mfuko uliokuwa mezani haukuwa wa mchezo. Ulijaa sarafu nene zenye picha ya tai, na zilinunuliwa kwa pesa ya mama mkwe. Mama huyo aliuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe, akamkabidhi mkwewe pesa yote, akamwambia, "Mwanangu, ninunulie kitu kisichooza, kisichonyauka, wala kisichoomba chakula." Sikio akanunua fedha. Siku ya kununua alizigonga zote mbele ya muuzaji, msafiri aliyekuwa akipita mjini, na zote zililia. Leo hakuna iliyolia.

"Amenibadilishia mfuko," Sikio alijisemea.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Pazia kwa kazi yake, futi ya kupimia imemning'inia shingoni.

"Mbona umenyoosha kidole? Unaomba ruhusa ya kwenda chooni?"

"Funga mlango, mama asisikie."

"Mama yuko uani anaanika nguo. Kuna nini?"

"Tumekwisha. Sarafu zote ni bandia. Yule msafiri amenipa mfuko mwingine nikiwa nahesabu pesa."

Fundi Pazia aliutazama mfuko, akamtazama mumewe. "Umezipima?"

"Nimezigonga zote."

"Sikuuliza kama umezigonga. Mizani iko jikoni."

Sikio alishtuka kama mtu aliyetukaniwa ukoo. "Mizani ni ya wauza nyanya, mke wangu. Mimi nina sikio."

"Basi mpigie simu huyo mtu."

"Haipatikani."

"Basi mwambie mama."

Hapo Sikio alikaa chini. Kumwambia mama! Mama ambaye hakudai hata risiti, na aliyewatangazia ndugu zake wote kwamba yule si mkwe, ni mtoto wa kumzaa. Angemwambiaje kwamba kiwanja cha marehemu kimegeuka bati? Akaapa moyoni kwamba atauza vyake kidogo kidogo, anunue fedha nyingine, mama asijue hata siku moja kwamba pesa yake ilipotea.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuuficha mfuko. Tangu mama ahamie kwao kungojea faida, hakuna droo asiyoipanga upya wala uvungu asioufagia.

"Mimi sina muda wa kulia na wewe," Fundi Pazia alisema. "Nina mapazia ya mtu, mazito, ya bluu, hayataki kunyooka. Naenda dukani kutafuta washa, vile vipete vya chuma vya kwenye bolti, nizishonee kwenye pindo zivute chini."

"Mapazia ya nani?"

"Ya Darubini."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Sikio alicheka.

Darubini ni mshindani wake. Ni mzee mwenye lenzi iliyofungwa kamba shingoni, na hujigamba kwamba sikio linadanganyika lakini jicho haliongopi. Wamegombania kila sarafu iliyopita mji huu. Wakikutana wanakumbatiana, kisha kila mmoja anajipapasa mifuko kuhakikisha hajaibiwa.

"Usinunue washa," Sikio alisema, akausukuma mfuko upande wa mkewe. "Chukua hizi."

"Hizi sarafu?"

"Hizi bati. Uzito si zinao? Mwache mwenye jicho akae sebuleni kwake, azungukwe na bandia kila siku, na asizione."

"Hiyo ni roho mbaya, mume wangu."

"Ni biashara."

"Na mteja wangu je?"

"Mteja wako anataka pazia linyooke. Litanyooka."

Fundi Pazia aliipima moja kiganjani, akatikisa kichwa, akabeba mfuko. Baada ya muda cherehani ikaanza kunguruma chumba cha pili. Sikio alibaki na sarafu moja tu. Aliitia mfukoni mwa suruali ili kila akiingiza mkono akumbuke ujinga wake.

Msomaji, hapo ndipo alipojichimbia shimo, na koleo akaishika mwenyewe.

* * *

Siku zilizofuata, nyumba ilichafuka hewa.

Mezani, kiti cha upande wake wa kulia Sikio alikuwa amempa mama mkwe, kwa heshima. Mama akimwambia, "Mwanangu, nisogezee chumvi," Sikio anatafuna. Mama akisema, "Mwanangu, leo umeamkaje?" Sikio anajimiminia chai. Mwanzoni mama alidhani ni mawazo ya biashara. Kisha akaanza kusema kwa mafumbo, kwamba zamani wakwe walikuwa na adabu. Mkwe mwenyewe akawa anatabasamu tu na kuongeza sukari.

Siku ya tatu mama alilitoa sanduku lake chini ya kitanda.

"Nirudisheni kwangu," alimwambia binti yake. "Sikuzoea kukaa nikiongea na ukuta. Na sarafu zangu nizipate nikiondoka. Redio imesema bei ya fedha imepanda, nami mnunuzi nimeshampata mwenyewe. Anakuja leo jioni kuziona."

"Leo jioni!" Fundi Pazia akatoka kumtafuta mumewe.

Alimkuta mumewe barazani anafuta miwani. Alisimama upande wa kulia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nyumba inaungua."

Sikio aliendelea kufuta miwani.

"Nimeolewa tena."

Sikio aliipuliza miwani, akaiinua kwenye mwanga, akaridhika nayo.

Fundi Pazia akahamia kushoto. "Mume wangu."

"Naam, mke wangu?"

"Vaa viatu. Twende zahanati."

"Nani mgonjwa?"

"Jina lako."

Mama mkwe aliposikia kwamba pengine mkwewe hakuwa na kiburi bali alikuwa kiziwi, aliacha sanduku wazi akavaa viatu. Alitaka kushuhudia kwa macho yake.

* * *

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka. Alimkalisha Sikio kwenye stuli, akawasha tochi, akachungulia sikio la kulia, akaguna.

"Mzee, humu kuna kitu."

"Ni umri," Sikio alisema.

"Umri hauna nyuzinyuzi." Akachukua kibano, akakiingiza taratibu, akavuta. Akaendelea kuvuta. Kilichotoka kilikuwa kidonge cha pamba, kimeshindiliwa vizuri, kimebadilika rangi. Akakiinua juu kila mtu aone. "Hii umeiweka mwenyewe?"

"Mimi? Hapana. Labda upepo."

"Upepo haukunji pamba."

Mama mkwe alisogea karibu. "Mwanangu, kwa nini utie pamba masikioni?"

Hapa inabidi nikutobolee siri ambayo Sikio hakuweza kuitamka hata kwa kuchomwa pasi. Mama mkwe alilala chumba cha pili, ukuta ni mwembamba, na mama huyo, Mungu ampe maisha marefu, akilala hukoroma kama mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu ya saruji. Tangu alipofika, Sikio alikuwa akilala na pamba masikioni. Asubuhi huitoa. Kuna asubuhi moja aliitoa ya kushoto, akaitoa nusu ya kulia, na nusu ikabaki. Siku hiyohiyo alinawa, akakaa mezani kuzigonga sarafu.

Sasa, mkwe gani atamwambia mama wa mkewe, tena mbele ya mgeni, kwamba anakoroma?

"Mbu, mama," Sikio alisema. "Naogopa mbu wataniingia."

"Mbu? Na chandarua kipo?"

Fundi Pazia aligeuka akatazama bango la chanjo ukutani, mabega yakimtikisika.

Muuguzi akatupa kibano kwenye kisahani cha chuma.

Ting!

Sikio aliruka kutoka kwenye stuli. Dunia nzima ilikuwa imemrudia kwa mkupuo: feni ya dari, mtoto anayelia foleni, bomba linalodondoka chumba cha jirani, na mama mkwe anayepumua kwa nguvu hata akiwa macho. Machozi yalimlenga kwa furaha. Na ndani ya furaha hiyo, wazo moja likaingia taratibu na kukaa.

Mkono wake ukaingia mfukoni mwa suruali. Ukatoka na ile sarafu. Akaiweka kwenye ncha ya kidole, akamnyang'anya muuguzi kalamu, akagonga.

Ngiiiiiin.

Ililia, ikalia, ikaendelea kulia hata mtoto wa foleni akanyamaza kusikiliza.

"Sauti nzuri," mama mkwe alisema. "Hiyo ni mojawapo ya zangu?"

Sikio hakujibu, na safari hii alikuwa amesikia vizuri sana. Alimgeukia mkewe.

"Mke wangu. Yale mapazia."

"Yapi?"

"Ya bluu."

"Darubini ameyachukua leo asubuhi," Fundi Pazia alisema. Kisha akaiona sarafu kidoleni, akauona uso wa mumewe, akashika kinywa. "Na ameyatundika."

Sikio alikuwa ameshafika mlangoni.

"Kuna nini tena?" mama mkwe aliuliza.

"Amesahau kuzima pasi, mama," Fundi Pazia alisema, akajilazimisha kucheka.

* * *

Katika biashara ya sarafu kuna sheria moja isiyoandikwa: unachokitaka usikitazame. Ukitaka sarafu ya kushoto, sifia ya kulia. Muuzaji akiona macho yako yamekwama mahali, bei inapanda.

Kwa hiyo Sikio alipokaribishwa sebuleni kwa Darubini, huku anahema kama aliyefukuzwa na mbwa, alitazama juu.

"Dari yako nzuri," alisema.

"Ahsante, ndugu yangu. Kaa."

"Dari safi kabisa. Wamejua kuipigilia."

Darubini alimkazia macho. Yule mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, mezani ametandaza sarafu kwenye kitambaa cheusi, lenzi kifuani. Nyuma yake, kuanzia juu ya dirisha hadi karibu na sakafu, mapazia ya bluu yalikuwa yamenyooka pasipo kunyanzi hata moja. Kiwanja cha marehemu kilikuwa kimening'inia pale, kinapunga upepo.

"Umeisifu dari mara mbili, na dirisha unalikwepa kwa macho," Darubini alisema. "Dari hiyo inavuja. Unataka nini dirishani kwangu?"

Sikio alishusha macho kutoka darini. "Fundi amenituma. Anasema mapazia haya ameyakosea pindo, ni aibu kwake, nimrudishie ayarekebishe."

"Sijaona kosa."

"Lipo."

"Mimi sijaliona, na lenzi ninayo?" Darubini aliinuka, akaishika lenzi, akaanza kuinama kwenye pindo.

Upepo ukavuma wakati huohuo. Pazia likajaa, likarudi, pindo likagonga chuma cha dirisha.

Ngiiin.

Sikio aliangua kikohozi ambacho hakijawahi kusikika kwa mtu mzima. Alikohoa, akapiga kifua, akapiga meza, akajitupa sakafuni karibu na dirisha, akalikumbatia lile pindo kwa mikono yote miwili.

"Maji," alisema kutoka chini.

Darubini hakwenda kuleta maji. Alirudi kitini, akajizungusha taratibu kulia na kushoto, na tabasamu likamjia. Hakuwa amesikia kitu. Masikio yake yalishachoka siku nyingi. Lakini alikuwa amefanya biashara maisha yake yote, na aliijua harufu ya mtu anayetaka.

"Ukiyataka sana mapazia yangu, nitakuuzia," alisema.

"Nakurudishia pesa uliyomlipa mke wangu. Yote."

"Hiyo ni pesa ya mapazia. Mimi sasa nauza mapazia niliyoyapenda."

"Mara mbili yake."

"Unaona? Sasa nimeyapenda zaidi."

"Mzee, unanikaba."

"Nani aliyelala sakafuni nyumbani kwa mwenzake?" Darubini aliinama mbele. Sauti ikashuka. "Sitaki pesa yako. Nipe Mwalimu."

Sikio aliinuka akakaa kitako. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo.

Mwalimu ilikuwa sarafu. Baba yake ndiye aliyempa akiwa mdogo, akamsogezea sikioni, akaigonga kwa ukucha, akamwambia, "Hivi ndivyo kitu cha kweli kinavyolia. Usiisahau." Kwa sauti hiyo alizipima zote alizowahi kununua. Na kwa wakusanyaji ilikuwa na thamani nyingine, kwa kuwa aliyeitengeneza alikosea akamgeuza tai, akawa anatazama nyuma. Darubini alikuwa na mfululizo mzima wa sarafu za tai isipokuwa hiyo moja. Aliitafuta miaka yote, na miaka yote Sikio alimcheka.

"Mwalimu kwa mapazia?" Sikio aliuliza.

"Au uyaache. Mimi yananifaa, yanazuia jua."

Sikio alimfikiria mama mkwe na lile sanduku lililofunguka juu ya kitanda. Alimfikiria akiwaambia ndugu zake habari nyingine kuhusu mkwe wake. Akamtoa Mwalimu mfukoni, akamgonga mara ya mwisho, akasikiliza hadi sauti ilipoisha kabisa. Aliumia, msomaji, wala sitakuficha. Kisha akamweka juu ya kitambaa cheusi.

Darubini aliichukua, akaweka lenzi jichoni, akaigeuza pande zote.

"Tai anatazama nyuma," alinong'ona hatimaye. Akajifuta jicho ambalo haliongopi. "Chukua mapazia yako uende. Na ufanye haraka, jioni nina miadi. Kuna mama mmoja mjane anataka kuniuzia sarafu."

Wewe umeshashtuka. Sikio hakushtuka, kwa sababu alikuwa juu ya kiti anafungua kulabu, na kichwani hakukuwa na nafasi ya mama mwingine.

Alitoka mbio, mapazia begani, pindo likimgonga mgongoni na kulia kila hatua. Watu barabarani waligeuka kutazama mzee mzima anakimbia huku analia kama kengele ya baiskeli. Yeye alikuwa akicheka na kulia pamoja.

Darubini alibaki dirishani, jua limempiga usoni, Mwalimu kiganjani. Alikuwa amepata alichokitaka, lakini kitu kilimkereketa. Mtu mwenye akili zake hatoi Mwalimu kwa kitambaa.

* * *

Nyumbani, Fundi Pazia alikuwa amerudi peke yake. Mama alikuwa amepitia kwa huyo mnunuzi wake ili amwongoze njia.

"Lete wembe," Sikio alisema, akaangusha mapazia katikati ya sebule.

Walipiga magoti wote wawili. Uzi wa bluu ulikatika, pindo likafunguka, na sarafu ya kwanza ikadondoka sakafuni ikiimba. Ya pili ikafuata. Sikio aligonga kila moja, na kila moja ilimjibu. Alimbusu mkewe kwenye paji la uso, akabusu na futi yake ya kupimia.

"Zote fedha! Zote! Mama akija zitakuwa mezani, zimepangwa. Tena nitamwambia mnunuzi wake asiguse bila kunawa."

Walifika mwisho wa pindo. Sikio akalikung'uta pazia. Halikutoa kitu. Akalikung'uta la pili. Akatazama rundo sakafuni, akatazama ule mfuko mtupu, na furaha ikaanza kumtoka kidogo kidogo.

"Mke wangu, mbona ni nusu?"

Fundi Pazia alikuwa anazoa nyuzi. Akasimamisha mikono.

"Umeleta ya sebuleni tu?"

"Kuna mengine?"

"Mume wangu, Darubini alishonewa ya madirisha mawili. La sebuleni na la chumbani kwake."

Sikio alifungua kinywa. Kabla hakijatoa neno, sauti ya mama mkwe ikasikika mlangoni, changamfu kuliko siku zote.

"Pita, baba, pita! Usivue viatu. Hapa ni kwa mwanangu."

Sikio alipata nafasi ya kufanya jambo moja tu: kuvuta mapazia juu ya sarafu na kukaa juu yake. Mama mkwe akaingia. Nyuma yake, akiinamisha kichwa kwenye mlango, lenzi ikimning'inia kifuani, akaingia Darubini.

Wale wanaume wawili walitazamana. Darubini akatazama pazia la bluu sakafuni, akamtazama aliyelikalia, na wala hakuonyesha mshangao.

"Mkwe wangu huyu ndiye anayenitunzia," mama alisema kwa fahari. "Alikuwa na tatizo la sikio, tukamsingizia kiburi bure. Leo limefunguka. Ni mtoto wangu kabisa."

"Hongera, mama," Darubini alisema. Alijishusha kitini polepole, kama mtu aliyebeba kitu kizito kwenye mifuko ya koti. "Kabla sijaziona zako, nami nina zangu chache za tai. Nimezipata leo, muda mfupi uliopita, nyumbani kwangu mwenyewe. Tutazilinganisha."

Alipokaa, mifuko ya koti ikagonga mkono wa kiti.

Hakuna mwingine aliyesikia. Ilikuwa sauti ndogo, imefunikwa na kitambaa, lakini Sikio aliisikia yote: sarafu nyingi nene, kila moja ya fedha, kila moja anaijua kwa sauti. Na kwenye kona ya mfuko wa Darubini palikuwa na kipande cha uzi wa bluu.

"Haya, mwanangu," mama mkwe alisema, akajiketisha upande wake wa kulia. "Nitolee mfuko wangu, wote, mgeni auone. Mbona umekodoa macho? Hunisikii tena?"

Sikio alimsikia kila neno. Na kwa mara ya kwanza tangu atoke zahanati, aliitamani ile pamba.